Usiizime Kileleni

Jumapili, 2 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Usishangae kupata barua badala ya simu. Simu iko sebuleni, na Baba kinachomuuma ni kifua, masikio yake hayana hitilafu yoyote. Nikikupigia atasikia kila neno, kisha atanuna siku mbili.

Kaka yako anaumwa kuliko anavyokuambia. Daktari alisema mapafu yamechoka. Kila Alhamisi inabidi nimvushe mlima mpaka hospitali kubwa, wampime na kutubadilishia mtungi wa oksijeni. Mtungi wa njiani ni mmoja, mdogo, na ukijaa unatufikisha na akiba kidogo tu. Teksi hazitupakii, madereva wanasema mtungi utalipuka. Ambulansi wanasema ni ya waliozidiwa. Basi tunakwenda na lile gari lake la kijani, lililonizidi umri.

Na gari lenyewe limeanza vituko. Unamjua Baba, tangu enzi za kumwendesha meneja hajawahi kupanda mlima bila kusimama kileleni aipumzishe injini. Ananiambia, "Zima, ipumue," nami nazima. Siku hizi hata mimi nashukuru, maana pale ndipo ninapomrekebishia barakoa na kuongeza hewa, na muuguzi alinikataza kugusa mtungi injini ikiwa inawaka. Shida ni kuondoka. Mara mbili sasa gari limegoma kuwaka, tukakaa juani mpaka lilipojisikia. Mara ya pili Baba alianza kuhesabu pumzi kwa vidole. Naogopa, Shangazi. Mtungi ukiisha pale juu, sina cha kufanya.

Kaka Spana hajui lolote. Baba amenikataza. Anasema Kaka aliacha kazi alipofariki Mama, akakaa karibu mwaka mzima bila ajira, na kwamba hataki mtu aache kazi tena aje kumwangalia anavyohema. Nitamwandikia Kaka nimuulize habari za gari tu. Yeye ni fundi, atajua dawa.

Mwanao,
Sindano

*

Jumatatu, 3 Februari

Kaka Spana,

Habari za machimboni? Hapa hatujambo, Baba anakusalimu. Cherehani yangu haipumui, nimepata kazi ya kushona sare za shule moja ng'ambo ya mlima, na kila Alhamisi napeleka marobota kwa gari la Baba.

Nina swali la kifundi. Gari linapanda vizuri, lakini tukifika kileleni, basi, limekufa. Ukipiga starta inazunguka tu, injini haishiki. Baada ya muda mrefu linawaka lenyewe kama halikuwa na shida. Betri ni mpya, plagi nimesafisha, na mafuta yamo. Fundi wa mtaani anasema gari limezeeka, nilikate paa nipande miche ya nyanya. Wewe unasemaje? Nijibu kwa dereva wa lori la vyakula, yuko huko kwenu mpaka wiki ijayo.

Mdogo wako,
Sindano

*

Jumamosi, 8 Februari

Sindano,

Marahaba, ingawa hukuniamkia. Sare za shule? Hongera. Nilidhani utashona magauni ya maharusi mpaka uzeeke.

Mwambie fundi wako wa mtaani apande nyanya kichwani kwake. Gari halijazeeka, petroli inachemka. Nisikilize vizuri. Petroli haisubiri joto kama la maji ndipo ichemke. Injini ikishapanda mlima, bakuli la kabureta na bomba la mafuta vinakuwa vya moto kiasi kwamba petroli inageuka mvuke kabla haijafika inakotakiwa. Pampu iliundwa isukume kitu cha majimaji, ikipewa mvuke inahangaika bure. Na huko juu hewa ni nyepesi, petroli inachemka upesi zaidi.

Fanya hivi. Fungua boneti, fuata bomba la mafuta kutoka kwenye pampu kwenda kwenye kabureta. Nakumbuka linapita karibu sana na ekzosi. Lisogezwe mbali, kisha livishwe kitambaa kinene na karatasi ya fedha ya jikoni juu yake. Chini ya kabureta pawekwe kipande cha fiba, kinene kama kidole, kizuie joto la injini lisipande. Jaza tanki kila safari, petroli nyingi inachelewa kupata moto. Na likigoma, weka kitambaa kilicholowa juu ya pampu, kanyaga mafuta mpaka chini bila kupigapiga, ndipo upige starta. Likikataa bado, kaa kivulini usubiri. Sare hazilii njaa.

Baba anasemaje kuhusu kifua chake? Mwaka jana alikuwa anakohoa.

Kaka yako,
Spana

*

Ijumaa, 14 Februari

Kaka Spana,

Shikamoo, na hiyo ya mara iliyopita pia.

Tumefanya yote. Bomba limesogezwa, nimelishonea koti mwenyewe kwa kitambaa cha jinzi, karatasi ya fedha juu. Fiba imekatwa, tanki nilijaza. Gari lilipanda kama kijana, hata Baba aliposikia mlio wake alitabasamu. Namaanisha, nilipomsimulia.

Kisha likafia palepale, kwenye uwanja wa kuegeshea malori kileleni. Kitambaa nililowesha, mafuta nilikanyaga mpaka chini. Wapi. Kusubiri siwezi kila mara, wenye sare wana haraka zao. Nifikirie kitu kingine, tafadhali, na usikawie.

Baba hajambo. Anakohoa kidogo.

Sindano

*

Jumapili, 16 Februari

Sindano,

Nimeisoma barua yako mara tatu nikiwa chini ya buldoza, mpaka msimamizi akauliza kama nimepata msiba. Kuna kitu hakilingani. Bomba likishasogezwa na fiba ikawekwa, gari lile lilipaswa kukohoa mlimani, kwenye kona za juu, pale injini inapobeba mzigo. Wewe unaniambia linapanda kama kijana halafu linafia uwanjani, mahali ambapo hata mkokoteni unajiendea wenyewe. Gari halina sababu ya kufanya hivyo.

Kwa hiyo nijibu kama unavyomjibu hakimu. Kabla ya kufa, injini inakohoa? Inapungua nguvu? Unasikia harufu ya petroli ndani? Wewe unakuwa unafanya nini wakati huo? Nani yuko na wewe? Na hicho kisa cha Baba kutabasamu sikukielewa. Alikuwemo au hakuwemo?

Usinitumie "tafadhali usikawie." Nitumie majibu.

Spana

*

Ijumaa, 21 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Nisamehe mwandiko.

Jana tulikaribia kumpoteza. Tulifika kileleni, nikazima kama kawaida, nikaongeza hewa, nikamfuta jasho. Nilipopiga starta, ikazunguka tu, injini haikushika. Nililowesha kila kitu. Jua lilikuwa kali na hakuna gari lililopita, wala lori. Mshale wa mtungi ulikuwa unashuka nami nautazama. Nikapunguza hewa ili idumu, midomo yake ikawa ya kijivu, nikaongeza tena. Nilikuwa nachagua, Shangazi, kati ya apate hewa sasa au apate baadaye. Baba alinishika mkono akasema tusihangaike, mahali penyewe panapendeza. Nilimkasirikia hata nikashindwa kulia.

Mwishowe nikaachia breki ya mkono, nikalisukuma peke yangu kwa bega mpaka likaanza kuteremka, nikadandia ndani. Tuliteremka kona mbili injini ikiwa imekufa, breki ngumu kama jiwe. Ya tatu nikaingiza gia na likashika. Tulifika mtungi ukiwa umebaki pumzi za kuhesabu. Daktari alisema nikichelewa tena vile nisimlaumu mtu.

Kaka ameniandikia ananihoji nani yuko na mimi garini. Nimemjibu niko peke yangu. Ameuliza kama injini inakohoa kabla ya kufa, nami sijui nimjibu nini, maana haikohoi hata kidogo. Alhamisi inakuja. Nifanyeje?

Mwanao,
Sindano

*

Jumatatu, 24 Februari

Kwa Spana, mtoto wa kaka yangu,

Nimezalisha wanawake miaka mingi kuliko umri wako na nimeona uongo wa kila aina, lakini nyumba yenu imenishinda. Kaa chini usome.

Hakuna sare. Anayevushwa mlima kila Alhamisi ni baba yako, na mtungi wa oksijeni miguuni. Mapafu yake yamechoka. Amemkataza mdogo wako kukuambia, na mdogo wako, mtoto mtiifu, ametii mpaka karibu amzike. Wiki iliyopita gari liligoma kileleni na hewa ikaelekea kuisha. Wanasimama pale kwa sababu baba yako anataka injini ipumzike, na binti anazima ili amrekebishie mgonjwa hewa. Sijui kama hilo lina maana kwako. Kwangu lina maana moja tu, kwamba wanasimama mahali pabaya kuliko pote.

Sasa najua tayari umevua ovaroli. Ivae tena. Mimi ni dada yake, nimemjua mtu huyu tangu akiwa analia akinyimwa kijiko. Ukitokea mlangoni bila yeye kukuita, atajiambia mwanangu amekuja kunizika, na siku hiyo hiyo atakataa hospitali. Ataita mwenyewe, au mimi nitakuambia saa imefika. Kwa leo kinachotakiwa kwako ni akili. Alhamisi imebakiza siku tatu. Nimempa barua hii mtu wa gari la posta anayekuja huko moja kwa moja, na atakusubiri uandike jibu.

Shangazi yako

*

Jumanne, 25 Februari

Sindano,

Nimekasirika, na hasira hiyo nimeiweka pembeni, tutaigombania tukikutana. Huyu mtu wa posta ananingoja na injini yake inawaka, kwa hiyo soma neno kwa neno.

Gari halifi. Mnaliua. Nilikuwa natafuta ugonjwa wa gari linalozimika lenyewe, kumbe wewe unalizima. Ndiyo maana hukuweza kunijibu kama inakohoa. Injini ikiwa inawaka, feni inapuliza na petroli baridi inakuja mfululizo kutoka kwenye tanki, kabureta inapozwa. Ukiizima baada ya kupanda, feni inasimama, petroli inasimama, lakini chuma bado ni cha moto na joto lote linapanda juu. Petroli iliyobaki kwenye kabureta inachemka kama chai. Kila dakika ya kuipumzisha ndiyo inayoipika. Baba alifundishwa hivyo na waliomfundisha, akatufundisha sisi, na mimi fundi mzima sikuwahi kufikiria kukuuliza, kwa sababu nyumbani kwetu kuzima kileleni ni kama kuvua viatu mlangoni. Zamani alikuwa anakaa pale nusu siku akipiga soga na madereva wenzake, mpaka kila kitu kinapoa. Ndiyo maana hakuwahi kugundua.

Alhamisi fanyeni hivi. Simameni chini, kabla ya mlima, penye kivuli, injini ikiwa haijapata joto kali. Hapo zima, mwekee barakoa, fungua mtungi kiasi kitakachomvusha mpaka ng'ambo. Kisha ondokeni na msisimame tena. Panda kwa gia ndogo, taratibu. Kileleni usizime. Ikikohoa, ongeza mafuta, usipunguze. Upande wa pili unateremka na upepo utaipoza.

Jambo la pili, na hili usilifanyie mzaha. Mkinusa petroli ndani ya gari, hata kidogo, msiende. Bomba likaguliwe Alhamisi asubuhi kabla hamjaondoka, kila kiungo, upitishe kidole uone kama kinalowa. Oksijeni na mvuke wa petroli ndani ya gari lililofungwa, sitaki hata kuandika. Madirisha yawe wazi njia nzima. Mtungi ufungwe kwa mkanda usigongwe.

Kazi kubwa itakuwa Baba. Ufunguo wa gari lile uko katikati ya dashibodi na mkono wake unaujua kuliko unavyoujua mdomo wake. Ataizima injini. Usimkubalie. Hujawahi kumkatalia kitu maisha yako yote, najua. Mkatalie hiki.

Ninalia, kama unataka kujua.

Kaka yako

*

Ijumaa, 28 Februari

Kaka,

Shikamoo. Baba ameshafika, yuko wodini. Nimeanza na hilo ili upumue.

Barua yako ilifika Jumatano jioni. Alhamisi asubuhi nilipitisha kidole kwenye kila kiungo, kimoja kilikuwa na unyevu, fundi akakikaza huku akilalamika nimemwamsha. Tukasubiri mpaka harufu ikaisha kabisa. Nilimweleza Baba kwamba leo hatusimami juu. Hakuniuliza kwa nini. Alisema ameendesha gari kabla mama yangu hajajua kama nitakuwepo, akafumba macho, nami nikajua hatujakubaliana.

Chini ya mlima tulisimama nyuma ya ghala, kwenye kivuli. Nikazima, nikamvalisha barakoa, nikafungua mtungi. Liliwaka mara moja. Tukapanda kwa gia ya pili, madirisha wazi, mkanda wa barakoa unapepea na mimi nasikiliza injini na pumzi zake, sijui kipi kilinitisha zaidi. Kwenye kona ya mwisho ikakohoa. Mguu wangu ulitaka kuachia, nikakumbuka maneno yako nikakanyaga. Ikatulia.

Tulipofika uwanjani, mkono wake ukanyanyuka. Hakufungua hata macho, Kaka. Mkono ulikwenda wenyewe kwenye ufunguo kama ulivyokwenda miaka yote. Nilimpiga. Nilimpiga kofi mkononi, baba yangu mgonjwa, kisha nikaukamata na kuubana juu ya goti lake. Nikamwambia, "Baba, ukiizima hapa utafia hapa, na mimi nitakuwa nimekuua."

Akafumbua macho akanitazama. Ilibidi niuachie mkono wake ili nibadilishe gia, na nilipouachia nilijua kwamba akitaka kuzima sina la kumzuia. Aliuacha pale pale gotini. Tukapita uwanja, tukaanza kuteremka, upepo ukaingia, na injini haikusita tena mpaka mlango wa hospitali.

Daktari alimpokea akasema hatamruhusu kurudi nyumbani kwanza, hali haimpendezi. Hajui ni siku ngapi. Ninaogopa kuliko nilivyokuwa mlimani, kwa sababu hapa hakuna cha kukanyaga.

Jioni Baba akauliza nani alinifundisha ule upuuzi wa kutopumzisha injini. Nikasema Spana. Akafumba macho, nikafikiri amelala. Kisha akasema, "Kwa hiyo anajua." Nikasema ndiyo, anajua yote. Akaomba karatasi, na akanifukuza nisisome. Ninachofunga ndani ya bahasha hii ni alichoandika. Kimemchukua tangu jana mpaka leo.

Mdogo wako,
Sindano

*

Ijumaa

Mwanangu,

Ninaandika na kupumzika, usijali mistari.

Mdogo wako amenipiga. Hakuna mtu aliyenipiga tangu marehemu baba yangu. Mkono hauumi, ila nimeutazama sana.

Nilimwendesha meneja miaka yote ile, na kila kilele nilisimama. Niliamini ninaionea injini huruma. Wenzangu walikuwa wananicheka kwamba gari langu ndilo linaloongoza kwa kugoma, nami nikawajibu kwamba hawajui kutunza gari. Nimemwambia muuguzi habari hii akacheka, nikacheka na mimi, kikohozi kikanikamata.

Na wewe pia nilikuwa nakuonea huruma. Nilisema aachwe afanye kazi yake, nisimsumbue. Sasa nimelala hapa na kila mlango ukifunguliwa nageuza kichwa. Sikujua kwamba nakungoja mpaka nilipojikamata nageuka.

Njoo. Usisubiri likizo, na shangazi yako akikuambia usubiri, usimsikilize. Ukifika usilie, wagonjwa wenzangu wataona. Pitia nyumbani uje na sweta langu la kijivu, wodi hii ina baridi usiku.

Baba yako